Ziwa Victoria katika picha za kuchapwa za karne ya 19: ninavyozikusanya nikiwa Mwanza

Katika picha zote za kale nilizonazo, ninayoithamini kuliko nyingine ni ndogo, haina rangi, na mtu asiyeishi kandokando ya ziwa hili angeipita bila kugeuza shingo. Ni ukurasa uliotoka katika kitabu cha safari cha mpelelezi Henry Morton Stanley kilichochapishwa London na New York mwaka 1878, nao unaonyesha ghuba inayoelekea mlango wa maji wa Rugezi kama inavyoonekana kutoka karibu na Kisorya, kwenye Ghuba ya Speke. Maandishi ya chini yanaeleza kwamba picha hiyo imetokana na fotografia iliyopigwa na mwandishi mwenyewe. Leo wasafiri wa Ukerewe wanaopitia Bunda huvuka hapo kwa kivuko, pamoja na pikipiki zao, magunia na ndoo za dagaa, na wengi wao hawana habari kwamba maji hayo yaliwahi kutazamwa na wasomaji wa ng'ambo zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Ninazokusanya ni picha zilizochongwa kwenye vibao vya mbao, kisha zikachapwa katika vitabu na magazeti ya karne ya 19, zinazohusu ziwa letu na hasa mwambao wake wa kusini. Kabla magazeti hayajaweza kuchapa fotografia moja kwa moja, jambo lililoenea katika miaka ya 1880 na 1890, picha zilizojaza kurasa za The Illustrated London News, lililoanzishwa mwaka 1842, The Graphic la mwaka 1869, Harper's Weekly la New York, lililoanza mwaka 1857, na Le Tour du Monde la Paris, lililoanza mwaka 1860, zilipita mikononi mwa wachongaji. Walitumia mbao ya mti mgumu unaokua polepole, wakachonga upande wa kichwa cha gogo, pale pete za mti zinapoonekana, wala si upande wa ubavu, kwa sababu huko kisu hakikamatwi na nyuzi za mbao na mstari unaweza kwenda popote mkono unapotaka. Mti huo hauwi mnene. Kwa hiyo picha iliyojaza ukurasa mzima wa gazeti ilihitaji vibao vidogo kadhaa vilivyokazwa pamoja kwa bolti, ambavyo vilitenganishwa na kugawiwa wachongaji mbalimbali ili kazi ikamilike haraka, kisha vikaunganishwa tena na fundi mkuu akapitisha kisu chake juu ya maungio ili mistari ya jirani ikutane. Mmoja alipewa mawingu, mwingine majani, na nyuso za watu zikaachiwa mwenye mkono mzuri kuliko wote.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, weka ukurasa halisi wa gazeti la wakati huo mezani karibu na dirisha na uutazame kwa lenzi inayokuza mara kumi. Weusi uliodhani ni kivuli utakuwa mistari mingi iliyosimama bega kwa bega, na ukingo wa kila mstari utakuwa na wino mzito kidogo kuliko katikati yake, kwa kuwa kibao kiliukandamiza wino ukakimbilia pembeni. Endelea kutazama polepole na huenda ukakuta ufa mweupe mwembamba sana unaokata mawingu, unashuka katika kifua cha mpiga kasia na kuzama majini bila kupinda popote. Hapo ndipo vibao viwili vilipokutana, na fundi mkuu, pengine kwa usingizi wa alfajiri, hakuufunika vizuri. Geuza ukurasa nyuma utakuta habari za bunge, au bei za nafaka, au tangazo la sabuni, maana karatasi ya gazeti haikupotezwa upande wake wa pili. Nakala iliyochapwa upya miaka ya karibuni haina hata kimoja cha hivyo: chini ya lenzi, mistari yake huvunjika kuwa vitone vidogo vilivyojipanga safu kwa safu, na nyuma yake mara nyingi ni peupe.

Mbinu hizi nilizipata kwa kusoma yanayoandikwa na wakusanyaji wa Marekani wanaotafuta picha za besiboli za karne hiyohiyo, ingawa mimi mchezo wenyewe siujui sana. Wenzetu hao wana mali ya kutosha na ushindani mkali, kwa hiyo wamelazimika kuwa makini. Ukurasa mmoja wanaoutafuta ulitoka katika Harper's Weekly la Oktoba 15, 1859, ukionyesha mechi katika viwanja vya Elysian Fields, Hoboken, jimbo la New Jersey. Nyingine ni picha ya Otto Boetticher ya mwaka 1863, inayoonyesha wafungwa wa vita wa upande wa Kaskazini wakicheza besiboli ndani ya kambi ya Salisbury, North Carolina, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya kampuni ya Currier & Ives ya mwaka 1866, inayoonyesha mechi kubwa ya ubingwa katika viwanja hivyohivyo vya Hoboken. Hiyo haikuchongwa kwenye mbao. Ilichorwa juu ya jiwe, ikachapwa kwa wino mweusi, na picha za kampuni hiyo kwa kawaida zilitiwa rangi kwa mkono na wanawake walioketi kwenye meza ndefu, kila mmoja na rangi yake, wakipokezana karatasi. Kwa kuwa picha hiyo imerudiwa mara nyingi mno katika kalenda na mapambo ya ukutani, mnunuzi wa Marekani asiyejua kutofautisha chembechembe za jiwe na vitone vya mashine atalipia kalenda bei ya shamba. Sisi wa upande huu wa dunia tuna nafuu moja. Wanaotafuta picha za Ziwa Victoria ni wachache, kwa hiyo ukurasa halisi wa gazeti mara nyingi hugharimu chini ya jozi ya viatu vizuri vya ngozi, na gharama ya kuuleta Mwanza huweza kuzidi bei yake.

Jambo linalonivuta katika kazi hii ni umbali uliopo kati ya aliyeona na aliyechonga. Mchoro au fotografia ilisafiri kutoka huku hadi pwani, ikapanda meli hadi Ulaya, ikakabidhiwa kwa mchoraji wa karakana aliyeichora upya juu ya kibao, kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, ndipo wachongaji wakaanza kazi. Kwa kitabu cha mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke cha mwaka 1863, baadhi ya michoro ilitegemea kazi ya mwenzake wa safari, James Augustus Grant, ambaye alikuwa na jicho zuri na mkono mtulivu. Lakini kati ya walioitayarisha kwa ajili ya kuchapwa alikuwamo Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi London na aliyejulikana zaidi kwa kuchora wanyama. Kila mkono uliopokea uliongeza kitu. Palipokuwa na pengo, lilijazwa kwa mlima, mnazi au mtu aliyeinua mkuki.

Mkazi wa Mwanza ana kipimo ambacho wauzaji wa London hawana, nacho ni mawe. Mawe yetu ni ya matale, makubwa, ya mviringo, yaliyopandana moja juu ya jingine hata mgeni akaogopa kupita chini yake, kama lile Jiwe la Bismarck lililo mbele ya mji, ambalo kila mpiga picha wa harusi analijua. Mchongaji ambaye hakuwahi kuona mawe ya namna hiyo hakuamini alichokiona kwenye mchoro, na katika kurasa kadhaa nilizonazo ameyachonga yakawa vilele vilivyochongoka vya nchi za baridi. Picha zilizotokana na fotografia hazikosei kiasi hicho. Ndiyo maana naziweka mbele ya zile kubwa zenye vishindo, ingawa wauzaji huzipa bei ndogo kwa sababu hazina simba wala vita.

Vyombo vya majini nimevichunguza kwa msaada wa wajuzi. Nilichukua ukurasa mmoja unaoonyesha mashua yenye tanga ikikaribia ufuko na kijiji nyuma yake, nikampelekea fundi mmoja mzee wa mitumbwi kule Igombe. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, leo umeniletea gazeti la wapi?" Aliushika ukurasa kwa viganja viwili, mbali na uso wake, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akacheka. "Tanga hili limejaa upepo wa mchana, unaotoka ziwani. Moshi wa kijiji unakwenda ziwani, kama ilivyo alfajiri. Huyu aliyechora amechanganya asubuhi na mchana." Nilikuwa nimeutazama ukurasa ule mara nyingi kwa lenzi yangu bila kuliona hilo. Siku hizi kila ukurasa wenye chombo namwonyesha yeye kwanza, na maelezo yake nayaandika kwa penseli kwenye karatasi nyingine ninayoiweka pamoja na picha. Kamwe siandiki nyuma ya picha yenyewe.

Mashua ya Stanley, Lady Alice, inastahili maneno machache kwa kuwa ndiyo inayoonekana katika picha nyingi za ziwa hili. Ilijengwa na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames, ikiwa na urefu wa futi 40, na ilikuwa ya kufunguka vipandevipande ili wapagazi waweze kuibeba mabegani kutoka Bagamoyo. Msafara ulifika Kageye, kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke, Februari 27, 1875. Mashua ikashushwa majini Machi 8, ikazunguka ziwa na kurudi Kageye Mei 6, na wakati huo mmoja wa Waingereza wa msafara, Frederick Barker, alikuwa amekwisha kufariki na kuzikwa pale. Watu waliovuta makasia walikuwa Waungwana wa Unguja na mwambao, wenye lugha hii ninayoiandika, na majina ya baadhi yao tunayo: Wadi Safeni, aliyekuwa nahodha wa mashua katika mzunguko ule, na Uledi, ambaye baadaye alisifiwa sana katika safari ya mto Kongo. Katika picha za ziwani wachongaji wamewafanya wote wafanane, migongo tu na makasia, ilhali mzungu aliye tezini amechongwa hadi vifungo vya koti.

Hapo ndipo linapokuja suala la Bumbire, kisiwa kilicho upande wa magharibi wa ziwa, ambacho leo kimo katika wilaya ya Muleba. Picha ya mapokezi ya Stanley katika kisiwa hicho ni miongoni mwa zile zinazouzwa mara nyingi zaidi. Inaonyesha umati wenye silaha ukiizingira mashua, na ukiitazama peke yake utadhani hadithi yote imo humo. Lakini mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1875 Stanley alirudi na kundi kubwa la mitumbwi, akasimama mbali kidogo na ufuko na kuwapiga risasi wenyeji waliokuwa na mikuki, mishale na mawe, kisha akaandika mwenyewe habari hizo katika barua zake kwa magazeti yaliyomgharamia, New York Herald na Daily Telegraph, hata zikazua malalamiko makali Uingereza. Ukurasa huo ninao, ila siutundiki ukutani. Nauweka ndani ya bahasha moja na nakala ya maelezo ya Agosti, na anayetaka kuuona nampa vyote viwili kwa pamoja.

Kuhusu Speke na mwaka 1858 nitasema kwa kifupi, kwa sababu ndicho kinachotafutwa na wageni wanaokuja Mwanza. Ni kweli kwamba aliliona ziwa hili Agosti 3, 1858 kutoka kwenye mwinuko wa hapa kwetu, wakati mwenzake wa safari hiyo, Richard Burton, amebaki Kazeh, yaani Tabora. Hakuandamana na mchoraji wala mpiga picha. Kwa hiyo picha yoyote inayomwonyesha akiwa amesimama kilimani mkono kiunoni, akilitazama ziwa kwa mara ya kwanza, imebuniwa na mtu mwingine, na mnunuzi aichukue kwa bei ya ubunifu.

Katika ununuzi, mambo mawili hunikasirisha. La kwanza ni rangi. Kurasa za magazeti na vitabu hivi kwa kawaida zilitoka zikiwa nyeusi na nyeupe, na rangi nyingi unazoziona leo zimepakwa na wauzaji ili kuvutia macho na kupandisha bei. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia ukurasa aliouita wa rangi za asili. Ulipofika, bluu ya maji ilikuwa imepita juu ya madoa ya kahawia ya uzee, jambo lisilowezekana iwapo rangi ilitangulia na madoa yakafuata. La pili ni kukata vitabu. Kitabu kizima chenye picha nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko jumla ya kurasa zake zikiuzwa mojamoja, basi wapo wanaovichanachana. Mimi pia nina kurasa za namna hiyo, na ule wa Rugezi ni mmojawapo, lakini nimejiwekea sharti la kununua zile zilizotoka katika vitabu vilivyokwisha kupoteza jalada au sehemu yake, na muuzaji asipotaka kunieleza kitabu kilikuwa katika hali gani, namwacha. Kumbuka pia kwamba vibao vilitengenezewa nakala za shaba kwa njia ya umeme, na ndizo zilizofungwa kwenye mashine, hivyo picha ileile huweza kuonekana katika toleo la London na la New York ikiwa halali kote kuwili. Pambizo na maandishi ya chini ndiyo yanayokuambia unashika toleo gani. Ukurasa uliokatwa hadi mpakani mwa picha umepoteza cheti chake cha kuzaliwa.

Ukisharudi nao nyumbani kutoka posta, adui wa kwanza ni unyevu wa masika, anafuata mende na mchwa, kisha jua. Hewa ya Mwanza si kali kama ya pwani, lakini ukuta unaopigwa na mvua haufai kutundikiwa karatasi ya mwaka 1878. Karatasi za nusu ya pili ya karne ile nyingi zina asidi ndani yake, zinageuka rangi ya chai na kuvunjika pembeni hata zikiachwa salama, kwa hiyo kuzibandika kwenye kadi duni ni kuzisukuma haraka zaidi. Naziweka zikiwa zimelala, kila moja ndani ya karatasi isiyo na asidi, katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Inayotundikwa huning'inizwa kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba vilivyobandikwa upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano ambayo siku yoyote hutoka kwa maji kidogo, na kati ya picha na kioo panaachwa nafasi ili jasho la kioo lisiguse wino.

Kumweleza hayo fundi wa fremu kulichukua subira. Yule ninayemtumia, pale Makoroboi, ni hodari wa kona na kioo, lakini alipouona ukurasa kwa mara ya kwanza alinihurumia. "Kaka, hii imechakaa. Tuipige laminesheni, wajukuu zako wataikuta vilevile." Nilimwonyesha ukurasa mwingine ambao mwenyewe wa zamani aliupitishia selotepu: utepe ulikuwa umekwisha kuachia, lakini gundi yake ilibaki ndani ya karatasi kama mstari wa mafuta uliopita katikati ya kisiwa. Aliukwangua kidogo kwa ukucha, akaona hautoki, akaweka chini mkasi wake na kuniuliza nataka fremu ya upana gani. Tangu hapo ananitengenezea fremu zenye nafasi ndani, na ubao wa nyuma tunautenga na picha kwa kadi safi ninayoiagiza mwenyewe.

Kwa sasa natafuta picha ya Kageye inayoonekana kutoka ukingoni mwa maji, iliyomo katika kitabu hichohicho cha mwaka 1878. Muuzaji mmoja anayo, lakini ameikata pambizo na kuitia bluu na kijani, nami nimemjibu kwamba nitasubiri nyingine. Nikiipata ikiwa nzima, nitaipeleka kwanza Igombe kwa mzee, kisha Kageye kwenyewe wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, nikaone ni mawe yapi kati ya yaliyochongwa bado yapo mahali pake.